Baba Achezee Mji Gani

Juzi nilikwenda Tabora kumtazama baba. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiambiwa kwenye simu kwamba mzee anakohoa kidogo, na wewe mwenzangu mwenye mzazi mbali unajua neno hilo "kidogo" linavyoweza kumkosesha mtu usingizi. Nikaomba ruhusa kazini, nikamchukua binti yangu kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, tukapanda basi la alfajiri roho mkononi. Tulipofika tulimkuta baba amekaa uani, anamenya karanga na kumgombeza jogoo wa jirani. Kikohozi kilikuwa kimekwisha. Daktari alishampima akamwambia kifua chake hakina neno, ila aache kukaa karibu na moshi wa jikoni. Nilishusha pumzi ndefu hata baba akaniuliza kama nimetoka Dar es Salaam kwa miguu.

Kesho yake, nikiwa nafua mashuka yake, niliwasikia yeye na mjukuu wake wakizungumza nyuma yangu. Binti yangu anacheza mpira wa kikapu shuleni kwao, na kichwani mwake hamna kingine. Alikuwa anamsomea babu yake kwenye simu mabishano ya watu wa Marekani: kwamba ukiwachukua wachezaji wote waliowahi kutoka katika mji mmoja, walio hai na marehemu, ukawarudishia ujana wao na kuwapanga timu moja, ni mji gani ungeifunga miji mingine? Wapo wanaosema Chicago, wapo wanaosema New York, wapo wa Los Angeles, na wanarushiana maneno kwelikweli. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Hao wametuiga."

Binti alidhani babu yake anatania. Mimi niliacha shuka kwenye beseni nikacheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu mzee hakusema uongo. Mchezo huo wa kupanga timu za miji tulikuwa nao Tabora kabla simu haijawa kitu cha kutiwa mfukoni, na nusura utuhamishe mji. Ngoja nikusimulie, maana kicheko kile kilinirudisha mbali na tangu hapo sijarudi sawasawa.

Kijiwe chenyewe kilikuwa baraza la fundi cherehani. Nyumba yake ilikuwa ya kizamani, kuta nene za udongo na mlango wa nakshi, katika mtaa ambao wazee wake walikaa tangu enzi za misafara ya kwenda Ujiji na pwani. Kila jioni baada ya swala ya alasiri, wachezaji walitoka kwenye uwanja wa saruji uliokuwa nyuma ya kanisa, fulana zimewaganda mgongoni, wakaja kujitupa pale barazani. Muuza kahawa alikuwa ameshatua dele lake, anagonganisha vikombe kuita wateja. Kulikuwa na kashata za karanga zenye joto bado, na kama msimu umeruhusu, mihogo ya kuchoma yenye pilipili iliyokutoa machozi. Cherehani ya fundi haikunyamaza. Alikuwa na uwezo wa kushona suruali, kubisha na kunywa kahawa kwa wakati mmoja, na suruali ikatoka haina kasoro.

Mimi nilikaa mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Mke wa fundi alinifundisha kushona vifungo, na mwanga mzuri ulikuwa pale kizingitini. Kwa hiyo sikio moja lilisikia wanawake uani wakitwanga na kucheka, jingine likasikia wanaume barazani wakipanga timu zao. Hutaamini, lakini sehemu hizo mbili za nyumba moja hazikuwa na habari za mwenziwe hata kidogo.

Fundi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na Kiarabu ndani yake kama hiliki kwenye chai, timu ya namna hiyo aliiita timu ya dahari. Maana yake ni timu ya zama zote, ambamo babu aliyefariki zamani anaweza kumpasia mpira kijana wa jana. Yeye aliipanga ya Tabora. Alikuwa na karani wa posta aliyerusha mpira huku anaangalia kwingine, na mrina asali mmoja mrefu aliyesemekana hakuwa akiruka, alinyoosha mkono tu. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye ndiye pia alikuwa mwamuzi uwanjani, alizaliwa Nzega na aliipanga timu ya Nzega kwa moyo wake wote: dereva wa lori la pamba, na ndugu wawili wakulima wa mpunga kutoka Lusu ambao walikuwa wanajuana bila kuitana. Muuza kahawa alikuwa mtu wa Ujiji. Yeye aliipanga timu ya Kigoma yote, na mpaka leo naamini nusu ya wachezaji wake aliwatunga mwenyewe.

Kanuni ilikuwa moja, na fundi aliisimamia kama kadhi. Mtu anachezea mji ambao kitovu chake kimezikwa. Kwetu kitovu cha mtoto mchanga hakitupwi, kinafukiwa ardhini, na mahali hapo ndipo nyumbani kwako hata uende kuishi wapi. Basi mji unaofanyia kazi haukuhesabiwa, wala mji uliosomea, wala mji wa mkeo. Tena mtu hakuruhusiwa kujisemea. Ilibidi apatikane shahidi, mtu mzima mwenye kujua.

Na hapo ndipo baba yangu alipokuwa tatizo.

Bibi yangu aliposhikwa na uchungu huko Bukene, mkunga wa pale alisema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali Tabora. Wakampandisha treni iliyokuwa inatoka Mwanza. Mtoto hakungoja hospitali. Alizaliwa humo humo njiani, katika behewa la daraja la tatu, akapokelewa na mwanamke aliyekuwa anasafirisha dagaa. Baba alipokua akaajiriwa reli, fundi wa kutengeneza mabehewa, na watu wa Tabora hawakulala mpaka wamempa jina la utani. Walimwita Mtoto wa Behewa.

Alikuwa senta hodari. Akisimama chini ya ubao, hakuna mpira uliompita. Kwa hiyo kila wiki palikuwa na kesi. Mwalimu alichora reli kwa chaki sakafuni, akaweka stesheni zake, akapiga hesabu za mwendo wa treni kuonyesha kwamba mtoto alizaliwa karibu zaidi na Bukene, na Bukene iko wilaya ya Nzega, kwa hiyo ni wake. Fundi alifuta chaki kwa kandambili akasema treni ilikuwa imechelewa siku hiyo, watu wote wanajua. Nani alijua? Hakuna. Lakini ubishi ulikuwa mtamu, na baba alikaa ukingoni mwa baraza anatabasamu kwenye kikombe chake. Kumbe kugombewa nako ni raha.

Nilikuwa mdogo lakini nilielewa lile tabasamu lake lilitoka wapi. Babu alifariki mapema, na baba zake wadogo walipogawana mashamba huko Bukene, walisema mtoto wa njiani hana shamba. Walisema kwa kucheka, kisha wakagawana kweli. Barazani pale ndipo mahali pekee ambapo watu wawili wenye akili zao waliwahi kumvutia baba yangu kila mmoja kwake.

Halafu ikaja sikukuu ya Pasaka, na Nzega wakaja na lori zima kucheza mechi ya kweli. Mji ulihamia uwanjani. Mama alivaa gauni la kanisani, mke wa fundi akaja na kapu la bagia, na hata wazee waliosema mchezo wa kukimbia na kapu ni wa watoto walikuja na viti. Mpaka dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Baba akachezewa rafu, akapewa mitupo huru miwili. Uwanja ulinyamaza hata ukasikia njiwa wa kanisani. Mtupo wa kwanza uligonga ringi ukarudi. Wa pili haukugusa hata ringi.

Jioni iliyofuata baba alikwenda barazani kama kawaida, nadhani kwa sababu kutokwenda kungekuwa vibaya zaidi. Fundi hakuinua macho kwenye cherehani. Aliposema, alisema taratibu, kana kwamba amelifikiria usiku kucha.

"Nimeamua. Mtu aliyezaliwa upande wa Bukene ni wa Bukene. Mwalimu, chukua mtu wako."

"Simtaki," mwalimu akasema. "Alipokuwa nyama mlisema wenu. Leo amekuwa mifupa ndiyo mnaniletea?"

"Basi achezee treni," muuza kahawa akamalizia, na baraza zima likaangua kicheko.

Ulikuwa utani. Kwetu mtu haruhusiwi kuukasirikia utani, hivyo baba naye alicheka. Lakini mimi pale kizingitini, sindano mkononi, nilimwona akiweka kikombe chini na kahawa ingalimo. Alikaa kidogo kwa adabu, akaaga, akaondoka. Hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Nyumbani akawa mtu wa kuchokonoachokonoa. Alilifungua jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, akalisafisha, akalifunga, akalifungua tena. Hakupiga mluzi wakati wa kunyoa. Uwanjani alikwenda mara chache, na alipokwenda aliwahi kurudi. Mama alimpikia ugali na mlenda wa karanga aliokuwa akiupenda, akala akashukuru, lakini alikula kama mtu anayemaliza kazi. Siku moja, tukiwa tumekaa jikoni, alisema bila kumwangalia mtu kwamba Morogoro wanatafuta mafundi wa mabehewa, na kwamba anafikiria kuomba uhamisho. Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani.

Sijawahi kuogopa kitu utotoni kama nilivyoiogopa ile Morogoro. Nilikuwa na mtaa wangu, na vifungo vyangu, na rafiki niliyegawana naye dawati. Na zaidi ya hayo, nilijua, kwa namna mtoto anavyojua, kwamba baba akiondoka Tabora kwa sababu ile, ataondoka kila mahali. Angefika Morogoro nao wangemuuliza yeye wa wapi.

Shule zilipofungwa nilipelekwa Bukene kumsaidia bibi kuvuna. Safari ilikuwa ya treni, na bibi alikuwa stesheni ananingoja, kitenge kiunoni, akanipokea kwa salamu ya kwao, "mwangaluka, mke mwenzangu", kwa sauti iliyowageuza abiria wote shingo. Wewe kama umelelewa kwetu unajua. Bibi na mjukuu wa kike ni watani, wake wa mume mmoja, na mume mwenyewe hata kama ameshafariki bado wanamgombania. Mambo ambayo mama yangu asingethubutu kumtamkia mkwewe, mimi niliyasema huku natafuna.

Siku zake zilikuwa nzuri. Tulikata mpunga asubuhi umande ungali kwenye majani, tukarudi na mikono inayowasha. Mchana tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, amevipika na karanga za kusagwa mpaka vikawa vizito na vitamu hata nisihitaji sukari. Jioni watoto wa jirani walikuja kuota moto na kuchoma mahindi. Lakini Morogoro ilinifuata mpaka huko. Siku moja tukiwa tunapepeta nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, baba alizaliwa karibu na stesheni gani?"

"Kwani nilikuwa nachungulia dirishani?"

Nikamweleza yote. Fundi, mwalimu, chaki, mitupo huru, Morogoro. Nilipofika kwenye hesabu za mwendo wa treni, bibi alianza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaanza upya.

"Wanaume wazima," alisema. "Wana ndevu, wana watoto nyumbani, halafu wanadhani kitovu kinadondoka siku ile ile ya kuzaliwa."

Sikuelewa. Ndipo akanieleza, kwa uwazi wa mtu anayeongea na mke mwenzake, kile ambacho kila mwanamke kwenye uani wa fundi alikijua tangu zamani. Mtoto akizaliwa kitovu hukatwa, lakini kipande hubaki mwilini mwake, kikakauka taratibu, kikadondoka chenyewe baada ya siku kadhaa. Kinachozikwa ni hicho. Treni ilikuwa wapi wakati ule si hoja. Hoja ni mtoto alikuwa wapi kilipodondoka.

"Na cha baba kilidondoka wapi?"

"Tabora. Kwingine wapi?"

Alikuwa hospitali, akasema, ana homa, hana ndugu mjini, na babu amebaki Bukene na ng'ombe. Kitanda cha pili alilala mwanamke wa mjini, na dada wa mwanamke yule alikuja kila siku na uji. Huyo dada alimtazama bibi, akaona hakuna anayemletea chochote, akaanza kuleta uji wa watu wawili. Bibi alipotolewa wodini, dada yule hakumwacha apande treni na homa. Alimchukua kwake, Mkatoliki wa shamba katika nyumba ya Waislamu wa mjini, akamlaza chumba cha uani, akamkanda na kumpikia. Kitovu kilipodondoka, mama yule alikwenda naye kukizika chini ya mkomamanga wake, akasema basi huyu sasa naye ni mwanangu.

"Mama gani huyo, bibi?"

"Si yule wa mlango wa nakshi. Mama yake huyo fundi wenu." Akaokota ungo. "Wewe unadhani baba yako alianzaje kwenda pale? Nilimtuma mimi alipopata kazi. Nikamwambia kamsalimie mama yako wa Tabora. Akaitika 'ndiyo mama', akaenda. Hakuuliza kwa nini namwita mama yake. Wanaume wanaitika tu."

Kumbe miaka yote mama yule alipokuwa hai bibi alimtembelea, kwa mlango wa nyuma, kama wanawake wote. Akampelekea mchele mpya, akapewa kanga, wakakaa uani wakacheka. Fundi mwenyewe alikuwa Ujiji akijifunza ushonaji kwa mjomba wake, na aliporudi mama yake hakukaa sana duniani. Nikamuuliza bibi kwa nini hajawahi kulisema jambo hilo. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mzito wa kuelewa.

"Nani aliniuliza?"

Na ni kweli, nani angemuuliza? Baba asingeweza kumuuliza mamaye habari za uzazi, ni aibu. Mama alikuwa mkwe. Fundi na mwalimu ndio kabisa. Wangeweza kubisha mpaka reli iote kutu, lakini kumwendea mwanamke mzima kumuuliza mambo ya kujifungua, hapana. Jibu lilikuwa limekaa Bukene linapepeta mpunga, na kizuizi kilikuwa heshima.

Mavuno yalipokwisha bibi alinirudisha mwenyewe. Alivaa kitenge chake cha Krismasi, akabeba kapu la mchele mpya na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Tuliposhuka treni nilidhani tunakwenda nyumbani. Alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja mtaa wa fundi, na hakupita nyuma. Alisimama barabarani mbele ya baraza, saa ile ile ya kahawa, watu wote wamejaa.

Wakainuka. "Shikamoo mama." "Shikamoo." "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kati yenu amemtoa mwanangu kwenye timu?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja kupata muda.

"Fundi, wewe una watoto?"

"Ninao, mama. Wengi, namshukuru Mungu."

"Na hujui kitovu kinadondoka lini?"

"Mambo hayo," fundi akasema, anatazama cherehani yake, "mama watoto ndiye anayeyajua."

Kutoka uani kikasikika kicheko cha mke wake, ambaye bila shaka alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Bibi akawapa darasa lile lile alilonipa mimi, palepale barabarani, kuku mkononi. Mwalimu aligeukia ukuta kana kwamba pana kitu cha kusoma. Muuza kahawa alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Kisha bibi akasimulia hospitali, na uji, na chumba cha uani. Akasema kitovu cha mwanangu kimezikwa humu ndani, chini ya mkomamanga wa mama yako, na mama yako ndiye aliyefukia.

Mguu wa fundi ulisimama juu ya pedali. Mimi nilikuwa nimeshazoea sauti ya cherehani ile hata sikujua mtaa ulivyo bila yake.

"Sisi," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kadhi. "Mama alikuwa anatukataza kuchimba pale. Tukicheza karibu anatuambia, hapo msichimbe, hapo pana ndugu yenu." Akashika tepu iliyokuwa shingoni. "Sisi tulidhani ni mtoto aliyefariki."

Fikiria, mwenzangu. Miaka yote fundi alikuwa amebeba ndugu mmoja marehemu, pengine alikuwa akimwombea dua, na ndugu mwenyewe alikuwa anakaa ukingoni mwa baraza lake anakunywa kahawa. Na yeye ndiye aliyemfukuza.

Fundi aliinuka. Hakusema anakwenda wapi. Aliteremka ngazi na tepu yake shingoni, akashika njia ya kwetu, nasi tukamfuata, bibi na kapu lake, mimi na kuku, na nyuma yetu mwalimu ambaye hakualikwa. Baba alikuwa amechuchumaa mlangoni, jiko la mchina liko vipande vipande mbele yake. Alimtazama fundi, akamtazama mama yake, akainuka akafuta mikono kwenye suruali.

"Kesho uje," fundi akamwambia. "Hatuna senta."

"Si nilipewa treni?"

"Treni ina wachezaji wa kutosha."

Baba akacheka, na safari hii nilimwona mpaka machoni. Fundi akamshika mkono asimwachie, akabaki ameushika huku anamweleza, akirudia maneno, akianza katikati, mkomamanga kwanza, mama yake baadaye. Baba alipoelewa, aligeuka akamtazama bibi kwa muda mrefu, na bibi akamwambia wali hautajipika wenyewe, mkewe yuko wapi. Mimi nilikimbia nyuma ya nyumba nikalia, machozi ya raha, ya mtu aliyetua mzigo mkubwa kuliko yeye. Usiku huo hakuna aliyetaja Morogoro. Haikutajwa tena kamwe.

Na mwalimu? Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika barazani kesho yake, na rufaa mkononi. Alidai kwamba kama kitovu kinahesabika, basi na tumbo lihesabike, na tumbo lilitoka Bukene. Fundi alimwambia akajifunze kwanza watoto wanazaliwaje. Baba alikuwa ukingoni pale pale anatabasamu kwenye kikombe. Nilikaa kizingitini nikatunga uzi kwenye sindano, na nilikuwa na furaha hata nilishona kifungo cha shati kwenye gauni langu mwenyewe.

Safari hii nilimpeleka binti yangu akaione nyumba ile. Haipo. Fundi alishatangulia mbele ya haki, watoto wake wakatawanyika, wakauza. Sasa ni jengo la vioo linalouza simu na chaja, na uani, pale palipokuwa na mkomamanga, pamemwagwa saruji yakawekwa magari. Mwalimu alistaafu akarudi Nzega, akazikwa huko. Muuza kahawa hakuna anayejua alikoishia, na pengine mwenyewe angependa hivyo. Bibi amelala Bukene, karibu na yale mashamba waliyomnyima mwanawe. Nilisimama kati ya pikipiki nikamwonyesha binti yangu kwa kidole hapa palikuwa na cherehani, hapa kizingiti, na yeye akaitikia kwa adabu kama anayeonyeshwa hewa. Nilitegemea kuumia zaidi. Lakini nilikuwa nimetoka kumwacha baba anapumua vizuri, na siku ya namna hiyo mtu hana nguvu za kuhuzunika sawasawa.

Jioni tukamkuta amejinyoa na anapiga mluzi. Binti yangu akakaa miguuni pake. Alikuwa ameisikia hadithi yote njiani, na sasa alikuwa na swali.

"Babu, na mimi ningechezea timu gani?"

Mimi nilitazama pembeni. Cha kwake kilidondoka Dar es Salaam, ghorofani, kwenye chumba cha kupanga kisicho na hata kiganja cha udongo. Kiliondoka na taka za nyumba na sijui ziliishia wapi. Baba alijua, mama alishamwambia wakati ule, na najua lilimsikitisha.

Akamtazama mjukuu wake kuanzia vidole vya miguu mpaka utosini, kama fundi alivyokuwa akimpima mtu suruali bila tepu.

"Wewe ni wa Tabora," akasema. "Mlinzi wa kushoto."

"Shahidi ni nani?"

"Mimi."

"Lakini hukuwepo, babu."

Baba aligeuza uso kidogo kuelekea mtaani, kichwa ameinamisha, kwa namna niliyoijua vizuri sana, namna ya mtu aliyesema neno barazani na sasa anangoja kupingwa. Palikuwa kimya. Binti yangu akaingia kwenye timu ya dahari bila hata mtu mmoja kubisha.